Simfoni za Dvořák ni tisa, si tano

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako likifika Tanga, ukurasa ninaoufungua kwanza siku ya Jumapili ni ule wa sanaa, kabla ya siasa na kabla ya mpira. Kwa hiyo nilifurahi mno wiki mbili zilizopita kukuta makala kuhusu rekodi za Antonín Dvořák, mtunzi wa Kicheki, mtu ambaye sikumbuki lini nilisoma jina lake kwa Kiswahili. Nilimwita mke wangu jikoni nikaanza kumsomea kwa sauti. Nilipofika katikati nikanyamaza, naye akaniuliza kulikoni.

Kulikoni ni kwamba mwandishi wako ameandika kuwa Dvořák alitunga simfoni tano, yaani tungo ndefu za okestra nzima zenye sehemu kadhaa. Akaongeza kuwa ule wimbo wa taratibu katika simfoni ya "Ulimwengu Mpya" ni wimbo wa watumwa wa Marekani ambao Dvořák aliukuta huko akauchukua kama ulivyo. Mwisho akawashauri vijana walioomba kuelekezwa kwamba watafute simfoni hiyo moja, wasikilize sehemu yake ya pili, watakuwa wamemjua Dvořák. Mambo yote matatu si sawa, na kwa kuwa vijana waliouliza waliuliza kwa nia njema, naomba nafasi nieleze.

Mimi si mwanamuziki. Ni fundi mstaafu wa injini za treni, nimefanya kazi karakana kwa miaka 33. Elimu yangu ya ufundi niliipata Chekoslovakia, nilikokwenda mwaka 1975 kwa msaada wa masomo, na mwaka wa kwanza tuliwekwa katika mji wa Poděbrady kujifunza lugha. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo, mpole lakini hana mchezo. Kicheki kina herufi moja, r yenye kialama juu yake, ambayo sijaisikia katika lugha nyingine yoyote: ulimi unatetemeka kama kwenye r yetu, na wakati huohuo meno yanatoa zh, zote kwa pumzi moja. Mwalimu alitufundisha herufi hiyo kwa jina la Dvořák. Kila asubuhi, mmoja baada ya mwingine, Dvořák, Dvořák. Alituambia kwamba siku tutakayolitamka jina hilo vizuri, Wacheki watatufungulia milango. Mimi ilinichukua hadi Februari.

Majira ya kuchipua yalipofika akatupeleka Nelahozeves, kijiji kilichoko kaskazini ya Prague kandokando ya mto Vltava, ambako Dvořák alizaliwa tarehe 8 Septemba 1841. Wenzangu walitazama kasri lililo juu ya kilima. Mimi nilitazama reli. Inapita mbele ya nyumba aliyozaliwa, karibu kabisa. Baba yake alikuwa na bucha na nyumba ya kulala wageni, na alipokuwa mtoto njia ya reli ya kutoka Prague kwenda Dresden ikajengwa kupitia hapo kijijini. Tangu utoto hadi uzeeni mtu huyu alipenda treni. Alipokuwa mtunzi mwenye jina kubwa, bado alikwenda stesheni za Prague kutazama vichwa vya treni na kuandika namba zake. Inasimuliwa kuwa siku moja alimtuma kijana aliyekuwa akimposa binti yake akasome namba ya kichwa cha treni iliyoingia, na kijana akarudi na namba ya behewa la makaa ya mawe. Dvořák hakufurahishwa. Nami ningekuwa yeye nisingefurahishwa: kichwa ni kichwa, na behewa la makaa ni kitu kingine.

Tukahamia Prague, chuo cha ufundi, bweni kule juu Strahov. Karakana ya chuo ilikuwa na fundi mzee aliyetufundisha kazi ya mashine ya kukereza vyuma. Aliponiona nasikiliza redio mchana wakati wa kupumzika, akanialika kwake Jumapili. Mkewe alipojua sili nguruwe akawa kila nikija ananipikia kuku, na sikuwahi kumwomba. Baada ya chakula mzee alifungua kabati, akatoa santuri, akaifuta kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, akashusha sindano. Ilikuwa Ngoma za Waslavi, okestra ya Czech Philharmonic ikiongozwa na Václav Talich, rekodi ya mwaka 1950. Hapo ndipo nilipomjua Dvořák, na ndiyo maana siwezi kukubali kwamba mlango wake ni sehemu moja ya taratibu ya simfoni moja.

Ngoma zile ni kumi na sita. Nane za kwanza alizitunga mwaka 1878, akiwa na miaka 36, mtu asiyejulikana nje ya kwao. Johannes Brahms, mtunzi mkubwa wa Kijerumani, alikuwa ameona kazi zake na kumwombea kwa mchapishaji wake Simrock wa Berlin, na Simrock ndiye aliyeagiza ngoma hizo, kwanza za piano moja watu wawili wakikaa pamoja, mikono minne. Zikauzwa kama maandazi ya asubuhi. Nane nyingine zikafuata mwaka 1886. Hakuchukua nyimbo za watu akazinakili. Alichukua mwendo wa ngoma za kwao na za majirani zao, kisha akatunga nyimbo zake mwenyewe juu ya mwendo huo.

Ya kwanza kabisa ni furianti, ngoma ya Wacheki. Mzee alinifundisha kuihesabu kwa kugonga meza: mbili, mbili, mbili, tatu, tatu. Miguu inadhani imeshajua inakokwenda, mara hesabu inageuka chini yake. Alidhani ataniona nikipotea. Nikagonga naye tangu mwanzo hadi mwisho, akashangaa, akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kwetu Tanga mtoto hulala usiku wa harusi akisikia chakacha uani, na katika chakacha mbili na tatu zinaishi nyumba moja: mkono unapiga tatu, kiuno kinakwenda mbili, na hakuna anayegombana na mwenzake. Mzee alicheka kwa furaha, akamwita mkewe aje aone mimi nikigonga chakacha kwenye meza yake, na santuri ikazungukazunguka imekwisha hakuna aliyeinyanyua sindano. Ndugu Mhariri, waambie vijana waanze na hapo. Sikio la pwani halihitaji mkalimani kwa furianti.

Na Talich ana jambo ambalo sijalisikia kwa wengine. Wengi huzipiga ngoma hizi kwa kasi na kishindo, kwa sababu zinavutia kupigwa hivyo. Talich hakimbii. Katika ngoma ya pili ya kundi la pili, ile ya huzuni inayoanza na fidla, anaiacha ivute pumzi, inakaribia kusimama, kisha inaendelea kama mtu aliyekumbuka kwamba yuko mbele za watu. Rekodi ni ya zamani, sauti inatoka upande mmoja tu, na ina vumbi. Ninazo nyingine zenye sauti safi zaidi. Sijapata iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa hesabu ya simfoni. Simlaumu sana mwandishi wako kwa kusema tano, kwa sababu mimi mwenyewe nilidanganyika. Mwaka wa pili wa chuo nilijikusanyia pesa nikanunua santuri ya "Ulimwengu Mpya", kwenye jalada imeandikwa simfoni ya 9. Mwezi uliofuata mzee akanipa zawadi ya santuri kuukuu ya Talich, imeandikwa simfoni ya 5. Nikashukuru, nikaenda nayo bwenini nikiwa na hamu ya kusikia simfoni nyingine. Nikaweka sindano, ni ileile! Nikadhani kiwandani wamekosea karatasi.

Hawakukosea. Dvořák alipokuwa hai zilichapishwa simfoni tano tu, na wachapishaji walizipa namba kwa jinsi zilivyotoka mitamboni, si kwa jinsi alivyozitunga. Ya 6 ya leo iliitwa ya kwanza. Ya 7 ikaitwa ya pili. Ya 5, aliyoitunga mwaka 1875, Simrock aliitoa baadaye sana na kuiita ya tatu, akaipa namba kubwa katika orodha ya tungo zake ili wanunuzi waione mpya, ingawa Dvořák alikataa. Ya 8 ikawa ya nne, na "Ulimwengu Mpya" ikawa ya tano. Nne za mwanzo zilibaki kwenye makaratasi. Katika miaka ya 1950 na 1960 ndipo hesabu ya tisa ilipokubalika, na santuri zote zilizotengenezwa kabla ya hapo zimebaki na namba za zamani mpaka leo, ziko masokoni, ziko kwenye makabati ya watu. Mwandishi wako bila shaka ameshika mojawapo.

Ile ya kwanza kabisa ina kisa chake. Aliitunga mwaka 1865, akiwa kijana mpiga viola, ile fidla kubwa kidogo, katika okestra ya tamthilia ya Prague, akaipeleka Ujerumani kwenye shindano. Hakushinda, na karatasi hazikurudishwa. Aliamini zimepotea. Kumbe mwaka 1882 zilinunuliwa katika duka la vitabu vikuukuu mjini Leipzig na profesa mmoja wa Prague ambaye naye aliitwa Dvořák bila kuwa ndugu yake, akazihifadhi nyumbani, hakusema kitu. Zilijulikana mwaka 1923, mtunzi amekwisha kufa miaka 19, na simfoni ilipigwa kwa mara ya kwanza Brno mwaka 1936. Dvořák hakuisikia hata siku moja. Ni ndefu, inajirudia mahali, lakini inaitwa "Kengele za Zlonice", mji mdogo alikopelekwa akiwa mvulana kujifunza Kijerumani na muziki, na mimi nikiisikiliza nasikia kijana aliyetoka shamba akitaka kusema kila kitu kwa siku moja. Ipewe heshima yake ya kuhesabiwa.

Ya 7 ndiyo niipendayo kupita zote, na sababu naitaja bila kuficha: ilianza stesheni. Dvořák mwenyewe aliandika kwenye karatasi zake kwamba wazo lake kuu lilimjia mwaka 1884 wakati treni ya sherehe kutoka Pest ilipoingia stesheni ya Prague. Abiria walikuwa watu wa Hungaria waliokuja kwenye jumba la tamthilia la taifa la Wacheki, wakati mataifa yote mawili yako chini ya mfalme mmoja wa Vienna. Haikuwa safari ya matembezi, na simfoni haianzi kama ya matembezi. Inaanza chini kabisa, ngoma zikinguruma, viola na chelo, yale mazeze mazito, zikiingia gizani. Niliposoma habari hiyo nilikuwa nimeshaisikiliza miezi mingi, nikairudia upya, nikasikia ule mngurumo ninaoujua kwa nyayo kabla ya masikio, wakati treni bado haijatokea kwenye kona. Ilipigwa mara ya kwanza London, Aprili 1885, yeye mwenyewe akiongoza.

Nije kwenye kosa la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la hesabu. Dvořák alikwenda New York mwaka 1892 kuwa mkuu wa chuo cha muziki kilichoanzishwa na Bibi Jeannette Thurber, chuo kilichopokea wanafunzi weusi wakati vingi vilikuwa vikiwafungia mlango. Mwanafunzi mmoja aliitwa Harry Burleigh, kijana mweusi ambaye babu yake aliwahi kuwa mtumwa, na babu huyo ndiye aliyemfundisha nyimbo za wazee. Burleigh alikwenda nyumbani kwa Dvořák akamwimbia nyimbo hizo, jioni baada ya jioni. Mei 1893 Dvořák aliliambia gazeti la New York Herald kwamba muziki wa Marekani wa siku za usoni unapaswa kujengwa juu ya nyimbo za watu weusi. Hebu tazama mwaka. Mwaka 1893! Ni mwaka uleule ambao Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa Tanga kuelekea Usambara, na wala hawakuwa na fikra kwamba mtu mweusi ana la kumfunza Mzungu.

Lakini wimbo wenyewe, ule wa sehemu ya pili, ni wake Dvořák. Hakuunakili popote. Alisikia, akanywa, kisha akatunga cha kwake, kama alivyofanya na ngoma za kwao. Kilichowachanganya watu ni kwamba mwanafunzi wake mwingine, William Arms Fisher, aliutilia maneno ya Kiingereza mwaka 1922, yanayosema narudi nyumbani, miaka 18 baada ya Dvořák kufariki. Kwaya zikayaimba misibani, na watu wakaamini ni wimbo wa kale wa watumwa. Kusema Dvořák aliuchukua ni kumvua aliyetunga. Na kunyamaza kuhusu Burleigh ni kumvua aliyemfungulia sikio. Mwandishi wako amefanya yote mawili katika sentensi moja.

Unaimbwa, nikumbushe, na ala ambayo Wazungu huiita pembe ya Kiingereza ilhali si pembe na si ya Kiingereza. Ni zumari, nene na refu kuliko la kawaida, lenye mwanzi wa midomo miwili kama mazumari yetu. Marehemu baba yangu, aliyecheza na kundi la beni ujanani mwake, nilimwekea santuri hiyo niliporudi mwaka 1981. Hakuuliza ni muziki wa nani. Aliuliza mpiga zumari anapumua wapi.

Kuhusu nani apige, niliwahi kuwa na ukaidi. Niliporudi nyumbani niliamini kwamba Dvořák ni wa Wacheki na wengine wanakisia tu. Nilikuwa na sababu. Nilikaa kwenye viti vya nyuma vya tiketi za wanafunzi pale Rudolfinum, ukumbi wenye jina la Dvořák ambamo yeye mwenyewe aliiongoza Czech Philharmonic katika onyesho lake la kwanza kabisa, tarehe 4 Januari 1896. Nilimwona Václav Neumann akiongoza simfoni ya 8, filimbi ikaingia kama ndege aliyekosea akadhani kumepambazuka, na mbele yangu bibi mmoja akaanza kutikisa kichwa taratibu kama anayebembeleza mtoto. Neumann alirekodi simfoni zote tisa na okestra ile, na baadaye akazirekodi zote tena. Ninazo tatu za rekodi zile za kwanza, ya 6, ya 7 na ya 8. Zilisafiri na meli ndani ya sanduku la chuma pamoja na vitabu vyangu vya mitambo. Majalada yameshikwa na ukungu wa bahari, santuri zenyewe bado nzima kwa sababu nazisimamisha, silazi.

Na yupo Karel Ančerl. Mzee wa karakana alinisikilizisha "Ulimwengu Mpya" yake, iliyorekodiwa Desemba 1961. Ančerl alikuwa Myahudi. Wanazi walimpeleka kwenye kambi zao za mateso, Terezín kisha Auschwitz, wakamwulia mkewe na mwanawe mdogo. Akapona, akarudi, akaiongoza Czech Philharmonic kuanzia 1950. Agosti 1968 vifaru vya Kisovieti vilipoingia nchini mwake alikuwa nje, hakurudi kuishi tena, akafia Toronto mwaka 1973. Mzee aliponieleza hayo alisema tu, "amekwenda Kanada, amefia huko," akainuka kugeuza santuri. Miaka ile watu hawakuyasema zaidi ya hapo. Katika rekodi yake hakuna sukari. Sehemu ya pili anaipiga wima, haililii, na kwa sababu hailii ndiyo mimi hunishinda.

Basi ukaidi wangu ulivunjwa na mjukuu. Miaka michache iliyopita alinitafutia kwenye simu yake simfoni zote tisa zikiongozwa na István Kertész, aliyezaliwa Budapest, na okestra ya London Symphony, rekodi za kati ya mwaka 1963 na 1966. Nilisema niwekee ya 6 nisikie wanavyoharibu, maana sehemu ya tatu ya simfoni hiyo ni furianti. Hawakuharibu. Walikuwa na moto, na hesabu yao ilikuwa sawasawa, mbili, mbili, mbili, tatu, tatu, Waingereza wale. Nilimwambia mjukuu wangu, "Babu yako alikuwa anakosea." Kertész alizama baharini akiogelea mwaka 1973, kijana wa miaka 43. Sisi wa pwani tunajua habari hiyo inavyofika nyumbani.

Makala haikugusa koncheto hata kwa neno moja, yaani tungo ambazo ala moja husimama mbele ya okestra nzima. Dvořák ana tatu zinazopigwa. Ya piano wengi huipita, ila Sviatoslav Richter aliirekodi mwaka 1976 na Carlos Kleiber akiongoza, inatosha kuwajibu wanaoidharau. Ya fidla ninayo kwa mkono wa Josef Suk, ambaye ni kitukuu wa Dvořák mwenyewe, na Ančerl. Sehemu yake ya mwisho ni furianti tena.

Ya chelo ndiyo kubwa. Chelo ni lile zeze zito linaloshikwa kati ya magoti, linalosema kwa sauti ya mwanamume mtu mzima. Aliitunga New York, akimaliza mkataba wake na akiwa na hamu ya kwao. Akiwa huko akapata habari kwamba shemeji yake Josefina ni mgonjwa. Ujanani alimpenda dada huyo, hakupendwa, akaja kumwoa mdogo wake Anna na wakaishi vizuri. Josefina alikuwa na wimbo mmoja wa Dvořák aliokuwa akiupenda. Akauweka ndani ya sehemu ya pili. Akarudi nyumbani, Mei 1895 Josefina akafariki, naye akaufungua tena mwisho wa koncheto ambayo ilikwisha kamilika, akauandika upya, wimbo ule ukarudi kwa mara ya mwisho kabla okestra haijafunga. Mpiga chelo rafiki yake, Hanuš Wihan, alitaka pale mwishoni awekewe nafasi ya kuonyesha ufundi peke yake. Dvořák alikataa katakata na akamwandikia mchapishaji kwamba mtu yeyote asiguse. Ukijua kilichofukiwa hapo, unamwelewa.

Rekodi zake ni nyingi. Pablo Casals ya mwaka 1937, na Czech Philharmonic chini ya George Szell, inasikika kama mtu anayesimulia jambo lililotokea asubuhi hiyo. Mstislav Rostropovich aliipiga mara nyingi, pamoja na Talich mwaka 1952, na Karajan akiongoza mwaka 1968. Lakini iko moja nyingine. Tarehe 21 Agosti 1968, siku ileile vifaru vilipoingia Prague, Rostropovich, raia wa Soviet, alikuwa London na okestra ya serikali ya Soviet, na kwenye ratiba iliyopangwa zamani ilikuwa koncheto hii ya Mcheki. Nje kulikuwa na waandamanaji, ndani watu wakapiga kelele kabla ya kuanza. Akaipiga huku machozi yakimtoka, na alipomaliza akainua juu karatasi za Dvořák watu wazione. Rekodi ya usiku huo ipo. Ina kelele, ina haraka, mahali pengine chelo inakwaruza. Nilipoisikia kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshastaafu, na nilimkumbuka mzee akigeuza santuri bila kumaliza maneno yake.

Kwa kijana aliyeuliza aanzie wapi, jibu langu ni hili: aanze na Ngoma za Waslavi za Talich. Akitaka simfoni zote tisa na koncheto zote tatu mahali pamoja kwa sauti safi ya siku hizi, zipo za Jiří Bělohlávek na Czech Philharmonic zilizotolewa mwaka 2014, miaka mitatu kabla hajafariki. Aende ya 8, aje ya 7, kisha ya 6. "Ulimwengu Mpya" aisikilize yote, sehemu zote nne, kwa sababu wimbo wa zumari unarudi kwenye sehemu ya mwisho katikati ya tarumbeta za shaba na radi ya ngoma, na aliyesikiliza sehemu ya pili peke yake hatajua ulikuwa unakwenda wapi.

Naomba, Mhariri, mchapishe masahihisho: simfoni ni tisa, na wimbo ni wa Dvořák. Naomba pia jina lake mlichape na kialama chake juu ya r. Najua mitambo yenu inaweza, mmekwisha kuchapa majina ya wachezaji mpira wa Kicheki na vialama vyao vyote.

Na mwandishi wako akipata safari ya Tanga, karibu sana Ngamiani. Santuri ya Talich ipo, mzee aliniachia nilipoaga, na sindano nimebadilisha mwaka huu. Ngoma zote kumi na sita ni saa moja na dakika kama kumi, pamoja na kugeuza. Meza ya kugonga pia ipo.

Fundi mstaafu wa injini za treni,
Ngamiani, Tanga